Kupiga picha za ini kwa MRI ya tesla 3: mwongozo wa chumba cha mashine, Malindi

Kosa linaloharibu picha nyingi za ini kwenye MRI (mashine ya picha ya sumaku na mawimbi ya redio) ya tesla 3, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku, hufanyika kabla mgonjwa hajapanda mezani. Mtu huchukua protokoli (seti ya vigezo vya kipimo) iliyomfaa miaka yote kwenye tesla 1.5, akaipakia kwenye mashine mpya, akabadilisha jina na kubonyeza. Ubongo na goti vitamstahi, lakini ini halimstahi mtu. Limekaa chini ya kiwambo kinachopanda na kushuka, limezungukwa na hewa ya mapafu juu na gesi ya utumbo chini, tena liko ndani ya kiwiliwili ambacho upana wake unalingana na wimbi la redio linalotumwa kukipiga picha.

Mambo manne hubadilika unapotoka 1.5 kwenda 3, na yote manne yatarudi katika hatua zinazofuata. La kwanza ni wimbi. Masafa yanapanda kutoka karibu MHz 64 hadi karibu MHz 128. Hewani wimbi hilo lina urefu wa zaidi ya mita 2, lakini ndani ya nyama yenye maji hufupika hadi sentimita 26 au 30 hivi. Mawimbi yakipishana humo ndani, mahali hujengana na mahali huuana, na pale yanapouana picha huwa nyeusi. La pili ni joto: nguvu ya redio inayomezwa na mwili hupanda takriban mara nne kwa mpigo uleule. La tatu ni T1 ya ini (muda wa kurudia hali yake ya sumaku baada ya mpigo wa redio), ambayo hurefuka kutoka karibu milisekunde (ms) 580 hadi karibu ms 810, kwa hiyo TR (muda kati ya mpigo na mpigo) na pembe ya mpigo za zamani hazitoi tena utofauti uleule. La nne ni pengo la masafa kati ya maji na mafuta: Hz 220 huwa Hz 440. Hili la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye hila.

Siku ya miadi na saa zake

Mgonjwa wa ini aje na njaa ya saa nne hadi sita, isizidi hapo. Tumbo likiwa na chakula, utumbo hucheza na kibofu cha nyongo hujikamua, ukakosa kukiona. Lakini karatasi inayosema tu "usile tangu jana" huleta shida nyingine. Aliyetoka Lamu amevuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi kupitia Witu na Garsen. Akifika Malindi hajala wala kunywa tangu jana jioni, kinywa kimekauka, na mtu wa namna hiyo hawezi kubana pumzi sekunde 15. Andika saa kamili: miadi ni saa nne asubuhi, chakula cha mwisho saa kumi alfajiri, maji matupu kwa mafunda hadi saa mbili.

Mwezi wa Ramadhani wapange waliofunga asubuhi mapema, kabla kiu haijawakaza. Wanaohitaji picha za mifereji ya nyongo, ambao lazima wanywe kitu kabla ya kipimo, wawekwe usiku au wasubiri mwezi uishe kama si jambo la haraka. Akipangiwa usiku, aeleweshwe kwamba futari nzima itaharibu kipimo: afungulie maji na tende moja au mbili, ale baadaye.

Kitu chenyewe cha kunywa ni juisi ya nanasi. Ina manganisi, ambayo huua mng'ao wa maji ya tumboni kwenye picha za T2 (zile zinazong'arisha maji), na tumbo na duodeni zikawa nyeusi badala ya kufunika mifereji ya nyongo. Mililita 200 hadi 400, dakika 15 hadi 30 kabla ya kuingia. Za pakiti hutofautiana sana, na ya kibanda mara nyingi ni nusu maji na barafu. Usibahatishe: weka glasi ya juisi na glasi ya maji juu ya meza ya mashine, zifunike vizuri zisimwagike, piga sikwensi (mfululizo wa mipigo unaotoa aina moja ya picha) ya mifereji ya nyongo na uangalie. Glasi ya juisi ikitoka nyeusi na ya maji ikang'aa, umepata duka lako. Ikitoka ya kijivu, tafuta nanasi zito zaidi.

Mlangoni: pini, hirizi na kadi za vipandikizi

Dodoso la usalama lililotafsiriwa kutoka ng'ambo huuliza habari za vipande vya risasi na vifaa vya moyo, na ni sawa liulize. Halimuulizi mtu juu ya pini za mtandio, na hizo ndizo zinazoruka. Mama mmoja anaweza kuwa na pini nne, mbili hazionekani kwa sababu ziko ndani ya kilemba cha chini. Avue mtandio wote, umpe wa pamba wa hospitali. Kipini cha puani, vikuku, bangili za dhahabu zilizobana: vyote vitoke. Buibui lenye nakshi ya kung'aa lina nyuzi za metali, nalo livuliwe. Wanja wa kienyeji unaweza kuwa na metali, kwa hiyo ufutwe. Hina ya kawaida mkononi haina neno. Piko nyeusi usiyojua imechanganywa na nini, mwambie mwenyewe abonyeze kengele akihisi joto hapo.

Hirizi hufungwa ndani ya ngozi au kitambaa, na ndani yake huenda mna karatasi ya bati au kijisanduku cha metali. Usimwamrishe mzee aivue ukaenda zako. Muulize: "Mzee wangu, hii nani akushikie mpaka utoke?" Atampa mwanawe, na jambo limekwisha.

Vipandikizi ni habari nyingine. Kadi inayosema kifaa ni salama kwa masharti kwenye tesla 1.5 haisemi lolote juu ya tesla 3. Wala usifikiri kwamba 3 ni mbaya zaidi kwa kila kifaa kwa kiasi kilekile: joto la kwenye waya hutegemea urefu wa waya na urefu wa wimbi, na wimbi limebadilika. Soma kadi, kama 3 haikutajwa, mgonjwa huyo si wa mashine hii.

Mwishoni mpime uzito kwa mizani. Mashine hukadiria joto linalomezwa kwa kutumia kilo ulizoandika. Ukikisia kilo 80 kwa mtu wa 58, umeiambia mashine imchome zaidi ya inavyodhani.

Chumba, chumvi na unyevu

Kikomo cha kawaida cha joto la redio kwa mwili mzima ni W/kg 2, na hatua ya uangalizi ni W/kg 4. Wasichosoma wengi ni sharti lake: vikomo hivyo vimewekwa kwa chumba kisichozidi nyuzijoto 25 na unyevu usiozidi asilimia 60. Malindi mwezi wa Machi, ikiwa kiyoyozi kimelegea, umeshatoka nje ya sharti hilo, na mgonjwa anayetoka jasho mezani hawezi kujipoza. Kagua kipimajoto na kipimaunyevu kila asubuhi, uandike kwenye daftari.

Upepo wa kusi huleta chumvi hadi kwenye mapezi ya mtambo wa kupoza ulioko nje. Yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, kwa mujibu wa fundi, kabla hayajageuka ukoko mweupe. Mtambo huo ukisimama, kipoza heliamu (heliamu ndiyo inayoiweka sumaku baridi) nacho husimama. Ukiingia chumbani asubuhi, sikiliza kwanza: ule mlio wa chii-chii-chii usiokoma, kama ndege aliyejificha ukutani, ndio kipoza kinachofanya kazi. Kukiwa kimya, usianze orodha ya wagonjwa. Angalia kiwango cha heliamu na upige simu kwa fundi. Stima ikikatika na kurudi, fanya hivyohivyo.

Kumlaza

Chali, mto chini ya magoti, mikono juu ya kichwa kama mabega yanakubali. Mikono ikiwa juu haileti mkunjo wa picha pembeni na haigusi kiuno. Mzee mwenye mabega mabovu usimlazimishe: atavumilia dakika tano, kisha atacheza katikati ya awamu ya ateri (picha za pale dawa ya kung'arisha inapopita kwenye ateri), na awamu hiyo hairudiwi. Mikono ikibaki chini, weka leso ya pamba iliyokunjwa kati ya kila mkono na mwili, nyingine kati ya mapaja. Ngozi ikigusana na ngozi hufanya kitanzi, kitanzi hubeba mkondo, na mahali pa kugusana huungua. Vidole visishikane, vifundo vya miguu visipishane.

Kitovu cha koili (kifaa cha kunasa ishara kinachowekwa juu ya mwili) kiwe kwenye ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Kosa la kawaida ni kuiweka chini mno, juu ya kitovu cha tumbo, na kuba ya ini ikabaki bila mng'ao. Mkanda wa kupima pumzi ufungwe pale tumbo linapoinuka zaidi: mtazame anavyopumua kabla ya kuamua, kwa maana wengine hupumua kwa kifua. Sindano ya kupitishia dawa iwe ya geji 20, mkono wa kulia, na ukishainua mikono jaribu tena kwa mililita 10 za saline. Mkono uliokunjwa huziba mshipa uliopitisha maji vizuri ulipokuwa chini.

Pumzi

Hapa tusiende haraka. Hakuna kigezo kwenye kompyuta kitakachookoa picha ya mtu asiyejua anaambiwa nini.

Bana pumzi mwisho wa kutoa, si mwisho wa kuvuta. Kuvuta kila mtu huvuta kiasi tofauti kila mara, leo kiwambo kiko hapa, sasa hivi kiko sentimita mbili chini. Kutoa kwa kawaida kuna mwisho wake, na ini hurudi karibu palepale. Bila hivyo picha za kabla na baada ya dawa hazilingani ukitoa moja kwenye nyingine ili kuona tofauti. Ubaya wake ni kwamba kubana baada ya kutoa ni kugumu zaidi. Kwa mgonjwa dhaifu, fupisha sikwensi hadi sekunde 10 au 12 kuliko kumrudisha kwenye kuvuta.

Maneno yawe yaleyale kila mara: "Vuta pumzi… toa… vuta… toa yote… bana hapo hapo." Kisha, sikwensi ikikatika, "Pumua." Neno "shikilia" wengi hulisikia kama kushikilia kitu kwa mkono, na "simamisha pumzi" huwatia hofu. Fanya mazoezi mara tatu ukiwa umesimama kando yake, kiganja chako juu ya tumbo lake, ukihesabu kwa sauti hadi kumi na tano. Kiganja kitakuambia ukweli. Wapo wanaovimbisha mashavu na kufunga macho huku tumbo linaendelea kupanda na kushuka taratibu.

Sauti iliyokuja na mashine, izime. Mashine nyingi huruhusu kurekodi maagizo yako. Rekodi kwa Kiswahili cha pwani, polepole, sauti ya mwanamke na ya mwanamume, na usiikate mwishoni. Kwa bibi wa Kigiriama wa kutoka bara ya Malindi ambaye Kiswahili hakimkai, mwombe anayemsindikiza afundishe maagizo naye kwa lugha yao, kisha mkubaliane ishara: ukibonyeza mlio mmoja, bana. Waitaliano waliostaafu mjini nao wana sauti yao kwenye orodha ya mashine, itumie.

Asiyeweza kabisa hata sekunde nane, achana na kubana. Piga T1 ya pande tatu yenye mistari ya mzunguko, inayochukuliwa akipumua, na T2 inayofuata navigeta (kifuatiliaji cha mwendo) ya kiwambo. Picha zitakuwa laini kidogo, lakini zinasomeka.

Doa jeusi katikati ya ini

Unapiga T2, unaona giza limekaa juu ya lobu ya kushoto au katikati ya tumbo, halina mpaka, halifuati mshipa wala kiungo. Hilo si ugonjwa; ni mawimbi yanayouana. Wenye maji tumboni ndio wanaoathirika zaidi, na hao ndio hasa wagonjwa wa ini. Maji yenye chumvi hupitisha mkondo, na mkondo hula wimbi kabla halijafika ndani.

Fuata mpangilio huu. Kwanza, kama mashine yako ina vyanzo viwili vya kutuma redio, hakikisha ramani ya B1 (nguvu ya wimbi la redio mwilini) imepigwa kwa mgonjwa huyu, kwenye pumzi ileile utakayotumia, na kisanduku cha marekebisho kimefunika ini tu. Mara nyingi hilo hutosha. Pili, pedi ya daielektriki, ile ya jeli nzito, iwekwe kati ya tumbo na koili, upande wa mbele juu ya ini. Iingie kabla ya picha ya kwanza ya kuelekeza, kwa sababu ukiiweka katikati ya kipimo marekebisho yote yanabidi yaanze upya. Tatu, T2 ya mipigo mingi ya nyuzi 180 ndiyo inayoumia zaidi. T1 ya gradienti (isiyotumia mipigo hiyo ya 180) yenye pembe ndogo huumia kidogo. Kwa hiyo kama T2 imekataa, usikate tamaa na kipimo kizima.

Lakini mwenye tumbo lililojaa maji hadi kitovu kimetokeza nje, uamuzi wa busara ni kutompiga kwenye 3. Ama maji yatolewe kwanza wodini, ama apelekwe kwenye 1.5. Tesla kubwa si heshima ya kumpa mgonjwa; kwa huyu ni picha mbaya kwa bei kubwa.

Joto likikataza sikwensi kuendelea, usikimbilie kupunguza vipande. Shusha kwanza mipigo ya kurudisha kutoka 180 hadi 130 hivi: T2 haibadiliki sana na joto hushuka vizuri. Kisha refusha TR. Kisha panga sikwensi nyepesi ya gradienti kati ya nzito mbili ili mwili upoe.

Awamu sawa na awamu pinzani: mtego wa ms 2.3

Maji na mafuta huzunguka kwa kasi tofauti ndani ya sumaku: yakielekea upande mmoja ni awamu sawa, yakipingana ni awamu pinzani. Kwenye 1.5, yanapingana TE (muda kutoka mpigo hadi ishara kusomwa) ikiwa karibu ms 2.3 na yanakutana karibu ms 4.6. Kwenye 3 kila kitu kimekatwa nusu: yanapingana karibu 1.15, yanakutana karibu 2.3. Umeona hila yenyewe? Namba ileile 2.3 ni pinzani kule na ni sawa huku. Protokoli iliyonakiliwa bila kuangaliwa itakuletea picha yenye jina la "pinzani" ambayo ndani yake ni "sawa", na ini lenye mafuta litaandikiwa kuwa zima.

Mwangwi (ishara inayorudi) pinzani lazima uchukuliwe kwanza, wa sawa ufuate. Sababu ni chuma. Mafuta hupunguza mng'ao kwenye picha pinzani. Chuma hupunguza mng'ao kwenye mwangwi unaochelewa. Ukiwa na pinzani ya 1.15 na sawa ya 2.3, ini linalofifia kwenye ya kwanza lina mafuta, na linalofifia kwenye ya pili lina chuma. Baadhi ya mashine, ukiomba azimio (ukali wa picha) kubwa mno, hushindwa kufika 1.15 na kuruka kimya kimya hadi pinzani inayofuata, karibu 3.45, baada ya ile ya sawa. Hapo mafuta na chuma vyote hufifisha picha ileile na huwezi kuvitenganisha. Soma TE iliyochapishwa pembeni mwa picha, si iliyoandikwa kwenye protokoli. Ikiwa haifiki 1.15 hadi 1.3, punguza azimio au pandisha bendwidhi (upana wa masafa yanayopokelewa).

Kupima asilimia ya mafuta, tumia mwangwi sita na pembe ndogo ya nyuzi 3 au 4. Pembe kubwa hukuza mafuta kuliko yalivyo, kwa kuwa T1 ya mafuta ni fupi.

Na mwenye selimundu? Pwani hii wapo wengi, na aliyeongezewa damu mara nyingi hujaza chuma kwenye ini. Kasi ya kufifia kwa chuma kwenye 3 ni karibu mara mbili ya 1.5. Chuma kikiwa kingi, T2* (muda wa kufifia kwa mng'ao) hushuka chini ya ms 1, mng'ao unakufa kabla mwangwi wa kwanza haujafika, na mashine itakupa namba tu, kwa sababu imeambiwa itoe namba. Kama ini zima ni jeusi kuliko misuli ya mgongo hata kwenye mwangwi wa kwanza, usiripoti kipimo hicho. Mpeleke kwenye 1.5.

Neno dogo juu ya kichocho, kwa kuwa huandikwa sana kwenye fomu: kichocho cha pwani yetu na cha Mto Tana ni kile cha kibofu cha mkojo. Kinachokaza kingo za mshipa wa porta (unaoleta damu ya utumbo kwenye ini) ndani ya ini ni kile cha kanda ya Ziwa Victoria na sehemu kama Machakos. Ukiona kovu la namna hiyo, muulize mgonjwa amekulia wapi, uliandike jibu kwenye fomu.

T2, mtawanyiko na mifereji

T2 ya mkupuo mmoja, wima na mlalo, hutoka vizuri hata kwa asiyetulia, ipigwe mapema. Zile picha za gradienti zenye mizani kamili, zinazopendwa kwa mishipa kwenye 1.5, hapa hutoa michirizi myeusi kwenye kuba ya ini. Ukizihitaji, TR isizidi ms 4, vinginevyo ziache.

Mtawanyiko (picha za mwendo wa maji ndani ya nyama) hupigwa kwa b (kiwango cha kuupima) za 50, 400 na 800. Hapa pengo la Hz 440 linauma. Kwenye sikwensi ya namna hii bendwidhi ya upande wa fezi inaweza kuwa Hz 20 tu kwa pikseli. Mafuta yasiyozimwa yatahama pikseli 22, na kwa pikseli ya mm 3 hizo ni zaidi ya sentimita 6. Mafuta ya ngozi ya tumbo yanatua juu ya ini kama upinde mweupe. Tumia uharakishaji wa koili mara 2, utapunguza nusu ya mhamo huo. Zima mafuta kwa mpigo wa kugeuza uliochaguliwa kwa masafa. Na shimu (marekebisho ya usawa wa sumaku) ifunike ini bila kuingia mapafuni. TE iwe fupi kadiri gradienti zako zinavyoruhusu, karibu ms 60 au chini. Lobu ya kushoto ikififia chini ya moyo, ni mapigo ya moyo. Usiisome ADC (namba ya mtawanyiko) ya hapo.

Mifereji ya nyongo ipigwe kabla ya dawa yoyote ya gadolini, ile ya kung'arisha picha.

Dawa na awamu zake

Soma chupa. Dawa ya kawaida ya moli 0.5 kwa lita hutolewa ml 0.2 kwa kilo: mtu wa kilo 60 hupata ml 12. Ile ya moli 1 ni ml 0.1 kwa kilo, yaani ml 6. Na gadokseteti, inayoingia ndani ya seli za ini, nayo ni ml 0.1 kwa kilo, lakini ni ya moli 0.25. Chupa mbili za mwisho zina ujazo uleule kwa mgonjwa na nguvu tofauti kabisa. Zisikae rafu moja. Ya kawaida isukumwe kwa ml 2 kwa sekunde, gadokseteti kwa ml 1, kila moja ifuatwe na ml 20 hadi 30 za saline kwa kasi ileile. Kazi ya figo ijulikane kabla, na mjamzito asipewe bila uamuzi wa daktari.

Sikwensi ni T1 ya pande tatu yenye Dixon (njia ya kutenganisha maji na mafuta), kipande cha mm 3, pembe ya nyuzi 9 hadi 12, sekunde 12 hadi 16. Dixon huvumilia shimu mbaya kuliko njia nyingine za kuzima mafuta, ila mara mojamoja hubadilisha maji na mafuta kwenye kuba ya ini: kipande kimoja kinageuka rangi ghafla. Kagua kuba kwenye picha ya kabla ya dawa, si baada.

Awamu ya ateri ndiyo ya kutafuta saratani, na saa yake inahesabika. Unataka kitovu cha data (sehemu inayoamua utofauti wa picha) kichukuliwe takriban sekunde 15 hadi 18 baada ya dawa kuonekana kwenye aota, ateri kuu ya mwili. Chukua mfano: sikwensi ni sekunde 15 na kitovu chake kiko kwenye sekunde ya 5. Ukilenga 17, sikwensi ianze sekunde 12 baada ya aota kung'aa. Maagizo ya pumzi yanakula sekunde 7. Basi aota iking'aa, hesabu hadi tano, ndipo useme "vuta". Anayesema "vuta" papo hapo hupata ateri ya mapema mno, na uvimbe unapita bila kuonekana. Alama ya kufaulu: ateri ya ini inang'aa, mshipa wa porta umeanza kung'aa, vena za ini bado nyeusi.

Porta ni sekunde 60 hadi 80 tangu sindano, ya kuchelewa ni dakika 2 hadi 5. Ukitumia gadokseteti, baadhi ya wagonjwa hukatika pumzi kwa sekunde chache palepale awamu ya ateri inapopigwa. Waambie mapema kwamba wanaweza kuhisi hivyo na kwamba hupita. Kama mashine inaweza, piga ateri mbili au tatu fupi ndani ya pumzi moja ili moja ipone. Dakika 20 za kusubiri awamu ya seli usizipoteze: ndipo T2 yenye kuzimwa mafuta na mtawanyiko vinapopigwa. Awamu ya seli yenyewe pandisha pembe hadi karibu nyuzi 25, joto likiruhusu. Bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) ikizidi mg/dl 3, usitarajie ini kung'aa. Kwa huyo dawa ya kawaida ni bora na ni nafuu.

Mstari wa nukta katikati ya picha

Ukiona mstari wa nukta kama zipu, umenyooka na uko palepale kwenye kila kipande, kuna redio ya nje inayoingia. Angalia taa mpya, pampu ya dawa, kisha mlango. Vidole vya shaba vya pembeni mwa mlango hupata kutu ya kijani mapema zaidi ukanda wa bahari. Vikipinda au vikioza, chumba kinavuja. Visafishwe kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, na vilivyovunjika fundi avibadilishe.

Kabla ya kutuma picha kwa msomaji, andika ndani ya fomu yale asiyoweza kuyaona: dawa gani na mililita ngapi, awamu gani mgonjwa alipumua, mikono ilikuwa juu au chini, pedi iliwekwa au la, TE halisi za awamu pinzani na sawa. Awamu ya ateri iliyotikisika iandikwe kuwa imetikisika.